Gauni la Jumatano

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Nusu Inchi. Mteja akisimama mbele ya kioo, akajigeuza, akasema nguo imemkaa, yeye angemzunguka kimya kimya halafu aseme, "Imezidi nusu inchi hapa begani. Vua." Hakuwa na haja ya kumfurahisha mtu. Aliolewa mara moja, akafiwa mapema, akarudi kuishi na mdogo wake, yaani baba yangu, katika nyumba ya vyumba vitatu karibu na reli. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani ya kukanyaga dirishani, meza ndefu ya kukatia, kioo chenye ufa pembeni, na daftari lenye jalada gumu alimoandika vipimo vya kila mwanamke aliyewahi kusimama mbele yake. Kifua, kiuno, urefu, tarehe.

Haya ninayoyasimulia yalitokea kabla sijazaliwa. Nimeyapata kwake, kwa baba, na kwenye magazeti ya zamani ambayo baba aliyahifadhi kwenye sanduku la mabati, ingawa dada yake alimwambia mara nyingi ayachome.

Miaka ile mji ulikuwa na gazeti moja. Mwaka ule, katika muda wa wiki tano, waliokotwa wanawake wawili waliouawa. Wa kwanza alikuwa mjane aliyepeleka maziwa majumbani alfajiri. Wa pili alikuwa mfagiaji wa hospitali, mama wa watoto wanne. Wote wawili walinyongwa kwa kitambaa, na wote wawili, kwa bahati tu, waliuawa siku ya Jumanne. Gazeti halikuhitaji zaidi ya hapo. Likampa muuaji jina, likaliandika kwa herufi zilizojaa nusu ya ukurasa wa mbele: JINAMIZI LA JUMANNE. Chini yake wakachora mtu mrefu mwenye kofia, mkononi ameshika kisu. Kisu kilitoka wapi, hakuna aliyeuliza. Gazeti lilikuwa linauzwa kama maandazi ya moto, na lililotoka asubuhi lilikuwa limekwisha kabla jua halijapanda.

Halafu wakaanza kutia chumvi. Mjane wa maziwa akageuka mwanamke mwenye siri. Mfagiaji aliyekuwa akitoka zamu akawa "mwanamke wa mitaa ya giza." Shangazi alikuwa amewashonea wote wawili. Alisoma yale maneno, akalikunja gazeti, akalitumia kukata kiolezo cha kola.

Mji ukazoea hofu kwa ratiba. Jumanne maduka yalifungwa mapema, waume waliwasindikiza wake zao, na viwanda viliwaruhusu wanawake kutoka mchana. Ikifika Jumatano asubuhi watu walipumua. Wasichana walitembea peke yao wakicheka, kwa sababu siku mbaya ilikuwa imepita. Shangazi alisema hilo ndilo lililomuuma kuliko yote baadaye, kwamba gazeti liliwafundisha watu kuogopa siku moja na kulala mlango wazi siku sita.

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo opareta wa simu, msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye sauti ambayo nusu ya mji iliijua bila kuijua sura yake. Aliishi peke yake katika chumba cha kupanga. Siku zake za mapumziko zilikuwa Jumanne na Jumatano. Jumatatu moja wakati wa chakula cha mchana alileta kitambaa cha buluu, akaomba gauni kwa ajili ya Jumatano jioni, kwani mwenzake wa kazini alikuwa anavishwa pete.

"Siku mbili?" Shangazi akauliza. "Mimi ni fundi au mashine?"

"Wewe ni Nusu Inchi," yule msichana akajibu. "Wengine ndio mafundi."

Shangazi akacheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku, akachukua kitambaa.

Jumatano saa kumi na moja jioni opareta alifika kulichukua. Pindo lilikuwa halijakwisha na uzi wa buluu ulikuwa umekwisha kwenye kibiringo chake cha mwisho. Msichana alikuwa na haraka. Shangazi akamalizia shubiri moja ya pindo kwa uzi mweusi, kwa mkono, akamwambia alirudishe Jumamosi alishone upya kama inavyotakiwa. Msichana alilivaa palepale, gauni la zamani akalifunga kwenye karatasi.

"Utakwenda peke yako?" Shangazi akamuuliza mlangoni.

"Leo si Jumanne, Shangazi," akasema. "Hakuna neno."

Hakufika kwenye sherehe. Ijumaa asubuhi alikutwa kwenye banda la kiwanda cha ngozi kilichofungwa, akiwa na gauni lile la buluu.

Daktari wa polisi alisema amekufa siku mbili au tatu. Wenzake kazini walimwona mara ya mwisho Jumatatu. Mwenye nyumba alikuwa safarini. Waliomwalika walisema walimngoja Jumatano bila kumwona. Gazeti likaweka hayo pamoja, likaandika Jumanne, na herufi zikawa kubwa kuliko zile za mwanzo. Jumamosi yake polisi, ambao gazeti lilikuwa limewakalia kooni kwa wiki kadhaa, walimkamata mnoa visu.

Mnoa visu huyo kila mtu alimfahamu. Alisukuma jiwe lake la kunolea kwenye gurudumu, akipita mlango kwa mlango na visu, mapanga na mikasi ya watu. Alikuwa na kigugumizi kikali. Akiulizwa jina lake tu, ungeweza kufunga kamba za viatu vyote viwili kabla halijatoka. Katika kisanduku chake walikuta mkasi mdogo wa opareta, ambao msichana alimpa Jumatatu aunoe. Walipomuuliza ameupata wapi, alishindwa kutamka. Ukimya wake ukaandikwa kuwa ni kukiri. MNOA VISU ANASWA NA MKASI WA MAREHEMU, gazeti likasema, na ule mchoro wa mtu mwenye kisu ukapata mwenyewe. Watu wakaenda kwake, wakalivunja jiwe lake kwa nyundo mbele ya mkewe.

Shangazi aliposoma kwamba opareta aliuawa Jumanne, alidhani ni kosa la chapa. Alikaa nalo siku nzima. Halafu mke wa mnoa visu, aliyekuwa akifua nguo za watu, akapita dirishani akilia, akasema kwamba mumewe alikamatwa na askari wa manispaa Jumatano asubuhi kwa kunoa visu barabarani bila kibali, wakamweka ndani hadi Ijumaa mchana. Hapo Shangazi akaacha kukanyaga cherehani. Kama msichana aliuawa Jumanne, mnoa visu alikuwa huru mitaani. Kama aliuawa baada ya kutoka mlangoni pale Jumatano jioni, mnoa visu alikuwa amefungiwa na serikali yenyewe.

Alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kituo cha polisi. Inspekta alimsikiliza akiwa amesimama.

"Mama, una hakika haikuwa Jumanne?"

"Nina hakika."

"Mbona gazeti limeandika Jumanne?"

"Gazeti halikumshonea," Shangazi akasema. "Nilimshonea mimi."

Inspekta aliandika maneno mawili matatu kwenye karatasi, akamshukuru, na kabla Shangazi hajafika mlangoni aliiona ile karatasi imewekwa chini ya kikombe cha chai.

Kesho yake alikwenda gazetini. Alipanda ngazi zilizonuka wino na mafuta ya mitambo mpaka kwa mhariri, mtu mnene mwenye adabu, mikono ya shati imekunjwa. Huyu alimpa kiti. Alisikiliza yote, tena kwa makini. Kisha akaegemea mbele.

"Hiyo habari ya siku tutaiangalia. Hebu niambie kwanza, gauni lenyewe lilikuwaje? Fupi? Alikuwa anakwenda kwa nani hasa?"

"Kwenye sherehe ya mwenzake."

"Ndivyo alivyokwambia."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Tungekupiga picha na cherehani yako. Ungepata wateja, mama."

Shangazi akasimama, akaaga. Asubuhi iliyofuata akakuta kwenye ukurasa wa tatu: FUNDI WA MAREHEMU ATOBOA: ALIPENDA NGUO ZA KUBANA. Habari ya Jumatano haikuwemo hata kwa nukta.

Wateja walianza kupungua. Wengine walisema amemuuza marehemu kwa gazeti. Wengine, waliosikia kwamba alikwenda polisi, walisema anamtetea muuaji. Mtu akatupa jiwe dirishani.

"Dada, achana nalo," baba akamwambia. Yeye alikuwa karani wa bohari, mtu wa kupenda amani. "Umesema polisi. Umesema gazetini. Wewe si wakili."

"Mimi si wakili," akajibu, "lakini nikinyamaza, mtu atanyongwa kwa ajili ya Jumanne, na mimi ninajua ilikuwa Jumatano. Nitakula vipi hapa mezani?"

"Watatuchomea nyumba."

"Basi wewe nenda ukalale kwa rafiki yako siku mbili tatu. Sitakulaumu."

Baba hakwenda kokote. Alitafuta ubao, akaziba dirisha.

Mnoa visu alikuwa amepewa wakili na mahakama, kijana mwembamba mwenye kesi nyingi kuliko meza yake ilivyoweza kubeba. Shangazi alimkuta akila ndizi juu ya mafaili. Alimfungulia daftari, akamwonyesha vipimo vya opareta na tarehe mbili, ya kuleta na ya kuchukua. Wakili akaacha kutafuna.

"Watasema umeandika jana," akasema.

"Waseme. Kwenye pindo la gauni, upande wa nyuma kushoto, kuna shubiri moja ya uzi mweusi. Hilo halijaandikwa popote, na gauni wanalo wao."

"Hiyo inathibitisha kwamba ulishona wewe. Haithibitishi siku. Kuna mtu mwingine aliyeliona gauni hilo Jumatano, kabla halijakwisha?"

Shangazi akafikiri. Alikuwepo. Tatizo ni kwamba alikuwa mke wa stesheni masta.

Mama huyu alikuwa mtu wa heshima zake, mwenye glavu na mwavuli. Jumatano ile saa sita mchana alifika kuulizia nguo yake, akakuta haijaguswa na gauni la buluu lipo kwenye cherehani, mkono mmoja bado haujaunganishwa. Alifoka, akaondoka bila kuaga. Sasa Shangazi alikwenda kubisha kwake, kwa mara ya kwanza akipitia mlango wa mbele.

"Unataka niandikwe na lile gazeti?" mama akauliza. "Umeona wanavyomfanya mtu?"

"Nimeona. Wamenifanya mimi."

"Mume wangu hatakubali."

"Mama, sikuombi useme lolote zaidi ya lile ulilonifokea siku ile. Ulisema nimelitanguliza gauni la msichana wa simu mbele ya lako. Yarudie maneno hayo hayo mbele ya jaji, tena kwa hasira ile ile ukipenda."

Yule mama akavuta ncha za glavu zake, moja moja. Mwishowe akasema, "Lile langu umelimaliza?"

"Nimelimaliza."

"Nitalivaa siku hiyo."

Siku ya kesi mahakama ilijaa hadi madirishani. Waandishi walipewa benchi la mbele. Shangazi alipanda kizimbani na kitambaa chake cheusi kichwani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, kwani alikuwa ameisahau. Alieleza kila kitu kwa mpangilio: kitambaa Jumatatu, kukata Jumanne, kushona Jumatano, uzi kwisha. Wakili akaomba kielelezo. Karani akalifungua gauni la buluu juu ya meza, likatoa harufu ya vumbi la ngozi. Baba alikuwa mstari wa tatu, na alisema pale ndipo alipomwona dada yake akifumba macho mara moja, akayafumbua. Akanyoosha kidole bila kuligusa. Karani akageuza pindo. Nyuma, kushoto, shubiri moja ya uzi mweusi.

Mwendesha mashtaka akasimama. Alikuwa mtu wa maneno.

"Umeshona nguo ngapi mwaka huu, mama?"

"Sijazihesabu. Nyingi."

"Mamia?"

"Labda."

"Na unataka tuamini kwamba unakumbuka kila moja? Kwamba jicho lako halikosei?"

"Linakosea," Shangazi akasema. "Ndiyo maana ninaandika. Lakini mkono wa kushoto wa joho lako umezidi wa kulia kwa nusu inchi, na hilo nimeliona tangu uliposimama."

Kicheko kikapita chumbani. Jaji hakucheka. Alimwita karani, akamwambia achukue futi shingoni kwa shahidi. Karani akapima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akarudia.

"Nusu inchi, mheshimiwa," akasema.

Sasa jaji alicheka.

Baada yake akaja mke wa stesheni masta, glavu mkononi, nguo mpya mwilini. Aliulizwa anajuaje kwamba ilikuwa Jumatano. Akasema Jumatano ndiyo siku ambayo mumewe hupokea mkaguzi wa reli na yeye huandaa chakula, na kwamba alitaka kuvaa nguo ile mezani, akalazimika kuvaa ya mwaka juzi mbele ya watu wanane. Aliulizwa kama ana hakika gauni la buluu lilikuwa halijakwisha. "Bwana," akasema, "lilikuwa na mkono mmoja. Nililitazama kwa chuki." Hapo hata benchi la waandishi lilicheka, na mmoja wao, alisema baba, aliweka kalamu chini.

Kitabu cha mahabusu cha manispaa kililetwa. Jina la mnoa visu lilikuwemo, saa tatu asubuhi ya Jumatano, na kutoka kwake Ijumaa mchana. Polisi walikuwa nacho muda wote. Hakuna aliyekifungua, kwa sababu siku waliyoiamini ilikuwa Jumanne.

Mnoa visu aliachiwa siku ya pili. Nje ya mahakama alimwendea Shangazi, akajaribu kusema. Neno lilikwama. Watu waliowazunguka wakaanza kumsaidia, mmoja akisema "ahsante," mwingine "Mungu akubariki." Shangazi akawanyamazisha kwa mkono. Akasimama pale juani, bila kuangalia saa wala kando, mpaka yule mtu akamaliza sentensi yake mwenyewe. Alichosema, Shangazi hakumwambia mtu, hata baba aliyekuwa hatua nne kutoka hapo.

Gazeti liliandika kuachiwa kwake kwa mistari mitano, ukurasa wa sita, kando ya tangazo la sabuni. Mafundi seremala wa mtaa walichanga mbao wakamtengenezea fremu mpya, na jiwe akatafutiwa na stesheni masta, ambaye kumbe alikuwa amekubali mambo mengi kuliko mkewe alivyodhani.

Muuaji alinaswa mwaka mmoja na nusu baadaye, katika mji mwingine, na aliyemnasa hakuwa polisi wala gazeti. Mwanamke mmoja, mpishi wa shule, alimng'ata mkono hadi akamwachia, akapiga kelele, majirani wakatoka. Muuaji alikuwa mkaguzi wa mita za maji, mpole, aliyesalimia kila mtu. Alikiri kuwaua wanawake watano. Wawili tu kati yao waliuawa Jumanne. Gazeti likaandika: JINAMIZI LA JUMANNE LANASWA.

Shangazi hakusherehekea. Alikuwa na kazi nyingine. Yale maneno yaliyomfanya opareta aonekane mwanamke wa starehe yalikuwa hayajafutwa, na mama wa msichana, huko alikokuwa, alikuwa ameyasoma. Kwa hiyo Shangazi akaanza kumwandikia mhariri. Barua fupi, kwa mwandiko wake wa kusimama wima: marehemu alikuwa opareta wa simu daraja la kwanza, alikuwa akienda kwenye sherehe ya mwenzake, mimi sikusema alipenda nguo za kubana, tafadhali sahihisha. Barua ya kwanza haikujibiwa. Wala ya pili. Aliandika kila mwezi, na kila barua alimpa baba aipitie tahajia. Ya kumi na nne ilichapishwa yote, bila kupunguzwa neno, na chini yake mhariri aliongeza mstari mmoja: "Gazeti linaomba radhi." Shangazi aliukata ukurasa ule, akaupeleka kwa yule mama kwa mkono wake, safari ya siku nzima kwa treni. Alikaa huko siku mbili. Aliporudi alilala mchana, kitu ambacho baba alisema hakukifanya kabla wala baada.

Alishona mpaka macho yakamkatalia. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari siku alipokuja mwandishi mmoja, binti wa miaka thelathini hivi, kutoka gazeti lile lile. Alitaka kuandika juu ya Jinamizi la Jumanne, miaka arobaini baadaye. Nilisita kumruhusu aingie, lakini Shangazi akasema aketi.

"Huyo mtu sina la kukwambia juu yake," akamwambia. "Sikumjua. Wale wanawake niliwajua. Kama una muda wa hao, tutazungumza mpaka jioni."

Binti akafunga daftari lake, nikadhani anaondoka. Kumbe alikuwa anageuza ukurasa mpya. Walizungumza mpaka jioni, na kesho yake akarudi.

Makala yalitoka Jumapili, ukurasa mzima. Picha ya muuaji haikuwemo. Shangazi aliyasoma kwa kioo cha kukuzia, kisha akanipa nimsomee kwa sauti. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba mfagiaji wa hospitali hakuweza kutulia akipimwa, kwa sababu alikuwa akiimba, alinishika mkono.

"Hapo nilimwambia vibaya," akasema. "Aliyekuwa akiimba ni mjane wa maziwa. Yule wa hospitali alikuwa akisimulia habari za wanawe. Mpigie simu yule binti."

Nikapiga. Binti akacheka kidogo, akaniomba nirudie taratibu ili aandike. Jumapili iliyofuata sahihisho lilikuwemo, ukurasa ule ule, na Shangazi aliposomewa akaitikia kwa kichwa, akaomba chai.